Kombaini ya Herufi K

Zita Qamara alikuwa na kiti kimoja duniani alichokipenda, na kiti chenyewe kilikuwa cha serikali. Gurudumu moja lilikwisha kung'oka, kwa hiyo kila ukikikalia kilikuinamisha kushoto kama mtu anayetaka kusikia umbea. Lakini mbele ya kiti hicho palikuwa na kompyuta, ya pekee kutoka Katesh mpaka popote Zita alipowahi kufika. Hakuwa amefika mbali. Alizaliwa Tumati, akasoma hadi kidato cha nne, akaajiriwa kwenye shamba la ngano la serikali upande wa Gendabi kama karani wa mizani. Misimu miwili alipima malori ya ngano huku akimeza vumbi la makapi, hadi kikohozi chake kikawa na ladha ya mkate. Kisha wataalamu wawili wa mbegu kutoka ng'ambo wakamwomba awasaidie kuingiza takwimu kwenye mashine yao. Siku alipoingia kwenye kile chumba chenye madirisha yanayofunga, aliapa kwamba mizani hatarudi.

Mwaka wa 1989 wataalamu walimaliza mkataba wakarudi kwao. Waliacha kompyuta, vitabu vitano vya Kiingereza, na paka. Paka alipata kazi stoo siku ileile. Kompyuta haikupata.

Mwezi wa tano meneja wa shamba, Bwana Reginald, aliingia ofisini na barua mkononi. Alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, msafi, anayekanyaga matope kama vile matope ndiyo yanapaswa kumpisha.

"Shikamoo mzee," Zita akasema, akasimama.

"Marahaba. Hii mashine inafanya nini sasa hivi?"

"Inasubiri takwimu za mavuno, mzee."

"Mavuno ni mwezi wa saba. Mtu anayekaa miezi miwili kwenye kiti cha serikali akisubiri, tunamwitaje?"

Jibu lilimjia Zita mara moja, na lilikuwa cheo cha Bwana Reginald mwenyewe. Akalimeza.

"Makao makuu wanaitaka," meneja akaendelea. "Wanasema kama haina kazi huku, waje waichukue baada ya wiki ya kwanza ya mavuno. Na wewe utarudi mizani. Si adhabu. Mizani ina upungufu."

Mizani haikuwa na upungufu wa kitu isipokuwa hewa. Zita aliwaza haraka. Jana yake tu alimsikia meneja huyuhuyu akifoka karakana kwamba mgao wa dizeli umepunguzwa tena, na kwamba madereva sita wanafunzi wa kombaini, mashine ya kuvunia ngano, hawatapewa hata lita moja ya kujifunzia. Wangeingia shambani mwezi wa saba wakiwa wamejifunza kwa kutazama tu. Na dereva wa kombaini asiyejua kupiga kona anamaliza dizeli kama mgeni anavyomaliza chai: kidogo kidogo, huku akijisifu kwamba hajanywa.

"Mzee, nipe wanafunzi watatu," akasema. "Nitawafundisha kupanga mistari na kona hapahapa, bila dizeli."

"Kwa mashine hii?"

"Kwa mashine hii."

Bwana Reginald alimtazama, akaitazama kompyuta, akatazama barua. "Dereva Sulle atachukua watatu wengine, awafundishe kwa chaki sakafuni. Wiki ya kwanza ya mavuno, mmoja wako na mmoja wa Sulle wataingia shamba namba sita, kila mmoja ekari thelathini. Wako akitumia dizeli ndogo zaidi, nitawajibu makao makuu kwamba mashine ina kazi. Wa Sulle akitumia ndogo zaidi, utaifunga mwenyewe kwenye boksi."

Akatoka. Zita akakaa, kiti kikaegemea kushoto.

Ukweli ni kwamba mchezo tayari alikuwa nao. Kitabu cha nne kati ya vile vitano kilifundisha lugha ya BASIC, ambayo ni namna ya kuiamuru kompyuta kwa maneno machache ya Kiingereza kilichonyofolewa. Zita alikuwa amekisoma na kamusi pembeni, saa za chai, kwa mwaka mzima. Kwenye kioo cha kijani alichora shamba: kila shina la ngano nukta, kombaini herufi K. Unabonyeza batani, K inasogea, nukta zinafutika. Kulikuwa na dizeli inayopungua kila hatua, na kona zinazokula dizeli mara tatu. Kulikuwa na tangi la ngano linalojaa na lori la kupakulia lililosimama kando, na usipolifikia kwa wakati ngano inamwagika. Kulikuwa na ndege, kwelea kwelea, wanaoingia kutoka pembeni wakila nukta ulizoacha. Kulikuwa na mawe. Kulikuwa na kila kitu. Zita alilimaliza shamba hilo kwa dakika nne, macho yakiwa dirishani.

Umeme ulitoka kwenye jenereta ya karakana, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, ili mafundi wachomelee vyuma. Asubuhi ya kwanza aliingia Bura, kijana wa Dongobesh mwenye mabega ya kubeba mlango na uvumilivu wa kibiriti. Akakaa. Akabonyeza. K ikagonga jiwe. IMEKWISHA, kioo kikaandika.

"Tayari?" Bura akauliza.

"Rudia."

Mara ya pili alilikwepa jiwe, akajaza tangi, akamwaga ngano. IMEKWISHA. Mara ya tatu aliishiwa dizeli akilitafuta lori. Mara ya nne kwelea kwelea walikula nusu ya shamba yeye akiwa bado anaulizia batani ya kukata kushoto. Mara ya tano hakuwepo. Alikuwa amelala juani nje ya karakana, kofia usoni.

"Dada Zita," akasema bila kufunua kofia, "mchezo wako unanichukia. Nami siingii nyumba ya mtu anayenichukia."

"Si mgumu! Njoo nikuonyeshe. Mimi naumaliza kwa dakika nne."

Sulle alikuwa mlangoni mwa karakana akifuta mikono. Alikuwa dereva wa kombaini tangu shamba lilipofunguliwa, Mwiraqw mwenzake Zita, mkavu, na hakupenda kitu chochote chenye waya usioonekana unakokwenda.

"Binti Qamara," akasema, "aliyetunga kitendawili hakosi jibu lake. Hiyo siyo akili. Hiyo ni kumbukumbu."

Wanafunzi wakacheka. Zita akarudi ofisini na hasira, na hasira hiyo ilimsaidia kwa sababu ilikuwa na haki. Alijua kila jiwe lilipo kwa kuwa yeye ndiye aliyeliweka. Bura alitupwa katikati ya shamba lililojaa adui na kuambiwa acheze.

Siku mbili hakuandika hata mstari. Siku ya tatu, akiwa nyumbani Tumati kwa ajili ya misa, alimwona mdogo wake wa mwisho akitumwa na mama kuchunga ndama nyuma ya zizi. Ndama watatu, mahali ambapo hata wakitoroka watatorokea jikoni. Mwaka unaofuata angepewa mbuzi, waende mpaka kwenye mawe. Baadaye ng'ombe wawili wazee wanaoijua njia kuliko yeye. Na siku moja angepewa kundi zima ashuke nalo bondeni penye mto na mashamba ya watu, wala asijue ni siku gani hasa alifundishwa. Hakuna mama wa Tumati aliyewahi kumpa mtoto kundi zima siku ya kwanza na kumsubiri mlangoni na neno IMEKWISHA.

Jumatatu alilipasua shamba lake vipande, na kila kipande akakiita darasa, kwa sababu kila mtu anajua darasa ni nini na kulikariri ni nini. Darasa la kwanza: K, nukta, basi. Hakuna jiwe, hakuna ndege, dizeli haipungui. Darasa la pili: dizeli inapungua, kona zinauma. Darasa la tatu: tangi na lori. Darasa la nne: kwelea kwelea.

Bura alirudishwa kwa ahadi ya chai. Alimaliza darasa la kwanza akicheka. "Hii ni ya chekechea."

"Basi toka."

Hakutoka. Zita aliliona hilo, akamfungulia darasa la pili.

Kuanzia hapo kazi yake haikuwa kompyuta tena, ilikuwa migongo. Alikaa nyuma ya wanafunzi watatu, na karatasi chakavu za takwimu juu ya goti, akaandika. Mtu akipiga miayo, aliandika wapi. Mtu akitukana, aliandika wapi. Mgongo ukiegemea nyuma, ukisogea mbele, aliandika. Na hakusema neno, jambo ambalo kwa Zita lilikuwa mateso. Wakikwama alikalia mikono yake. Mara moja Bura alizunguka sehemu moja dakika tano nzima akitafuta lori lililokuwa mbele ya pua yake, na Zita akauma ulimi hadi ukavimba, maana kule shambani hatakuwepo mtu wa kumwelekeza.

Jioni alirekebisha kwenye karatasi, na asubuhi jenereta ikiwaka akaingiza. Palipoandikwa miayo aliongeza ugumu. Palipoandikwa matusi halafu mtu akaondoka, alipunguza. Lakini palipoandikwa matusi halafu mtu akacheza tena palepale, hapo hakugusa hata nukta. Hapo ndipo mchezo ulipokuwa mzima.

Aligundua pia kwamba mtu hakasiriki kwa kushindwa. Anakasirika kwa kushindwa bila kujua kwa nini. Kwelea kwelea walikuwa wakitokea ghafla, na wote watatu waliwachukia. Akaweka ishara: kabla ndege hawajaingia, alama ndogo tatu zinapepea ukingoni upande watakaoingilia. Ndege walewale, idadi ileile, njaa ileile. Matusi yakabadilika. Zamani walimtukana Zita, sasa wakaanza kujitukana wenyewe.

Kufikia mwezi wa sita wanafunzi wa Sulle walikuwa wakitoroka chaki waje kusimama dirishani. Zita akaona mambo yamenoga, akaongeza orodha ya washindi. Kwa kuwa meneja alitaka kuokoa dizeli, orodha ilipangwa kwa lita zilizobaki kwenye tangi mwisho wa mchezo. Mwenye nyingi ndiye wa juu.

Siku mbili baadaye Sulle aliingia, kofia mkononi.

"Nasikia hapa watu wanashindana," akasema. "Nani wa kwanza?"

"Mimi, mzee," Bura akasema. "Lita tisini na nne."

"Nipishe." Sulle akakaa, kiti kikamwinamisha kushoto, akakitukana kwa Kiiraqw. "Nibonyeze wapi kuanza?" Akaonyeshwa. "Na kumaliza?" Akaonyeshwa. Akabonyeza ya kuanza. Akabonyeza ya kumaliza.

Kioo kikaandika: SULLE, LITA 200. WA KWANZA.

"Nimevunja rekodi," Sulle akasema, akainuka. "Sikuvuna hata punje. Lakini dizeli ipo yote, njooni mkague."

Walicheka hadi paka akatoka stoo kuja kuangalia. Kesho yake meneja alipopita aliwakuta wanafunzi wote na lita mia mbili mia mbili, kombaini zote zimeegeshwa pembeni, ngano yote imeliwa na ndege.

"Hii nini?" akauliza.

"Tunaokoa dizeli, mzee," Bura akajibu kwa heshima zote.

Bwana Reginald alizisoma namba zile moja moja. "Ripoti za namna hii nimezisoma nyingi," akasema hatimaye. "Sikujua kama zinaandikwa na watu wanaocheza." Akamgeukia Zita. "Zimebaki wiki tatu, binti."

Zita aliona aibu hadi masikioni. Alikuwa amewaambia watu cha kutafuta, nao wakakitafuta. Kosa halikuwa lao. Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi alibadilisha hesabu: magunia uliyopakia kwenye lori, ukigawa kwa lita ulizotumia. Ukiegesha, unapata sifuri, na sifuri inaandikwa na jina lako kwa herufi kubwa. Sulle aliombwa ajaribu tena. Alisema ana kazi.

Aliyeleta tatizo la mwisho hakuwahi kukaa kwenye kiti. Mzee Gidahosh alikuwa mlinzi wa mchana wa karakana, Mbarbaig wa Gendabi, mtu wa maneno machache. Watu wake walichunga kwenye uwanda ule kabla haujapewa namba. Alikuwa na desturi ya kusimama dirishani, mikono nyuma, akitazama K ikitembea. Asubuhi moja aliuliza:

"Hilo ni shamba gani?"

"Namba sita, mzee," Zita akasema. "Tutakapopimwa."

"Siyo namba sita."

"Ni yenyewe, mzee. Nimeichukua kwenye ramani ya ofisi." Akamwonyesha: mstatili mtupu, pembe nne, kipimo pembeni.

"Namba sita ina kaburi," Gidahosh akasema.

Bura aliacha kubonyeza. Wote walilijua. Katikati ya namba sita kulikuwa na kilima cha udongo, kirefu kuliko mtu, kilichojengwa kwa miezi mingi juu ya mzee mmoja mkubwa wa Kibarbaig. Trekta zilipokuja, mengine ya namna hiyo hayakusalimika, na habari hiyo watu hawakupenda kuisimulia mbele ya Gidahosh. Hili lilibaki kwa sababu dereva wa kwanza kulifikia alikuwa Sulle. Sulle alilizunguka, na tangu siku hiyo alilizunguka kila msimu, bila amri na bila kumweleza mtu. Ofisini halikuwepo. Shambani lilikuwepo. Na Zita, aliyekulia katikati ya watu hawa, aliyewahi kupita karibu na kilima kile mara ishirini, alichora shamba kwa kutazama karatasi.

Alikwenda kwa meneja. Bwana Reginald hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa ramani.

"Kulizunguka kunakula lita ngapi?"

"Nne. Labda tano."

"Basi usiliweke. Unataka kuwafundisha kupoteza lita tano? Wewe ndiye utakayefunga boksi, si mimi."

"Watalikuta pale hata nisipoliweka, mzee."

"Wakilikuta wataona cha kufanya. Fundisha mstari ulionyooka."

Zita alirudi akakaa. Kama angetii, wanafunzi wake wangekuwa na wiki mbili zaidi za mistari iliyonyooka, na namba nzuri za kumwonyesha meneja kila Ijumaa. Kama angeliweka, namba zingeshuka mara moja, tena mbele ya macho yake. Alifikiria mizani. Alikohoa kidogo, kwa mazoea. Kisha akaliweka: duara dogo la herufi O katikati ya darasa la nne, na ukiligonga, IMEKWISHA.

Gidahosh alitazama Bura akiligonga kwa makusudi, kuona tu kitatokea nini.

"Amekufa?" mzee akauliza.

"Ndiyo, mzee. Mchezo umekwisha."

"Mtu hafi kwa hilo." Alifikiri. "Angekufa ingekuwa rahisi. Anaendelea na kazi. Ila anakuta watu hawapo."

"Hawapo vipi?"

"Hawapo. Anaita, haitikiwi. Mpaka akalipe ng'ombe, azungumze na wenyewe. Hakuna atakayemgombeza."

Zita aliifuta IMEKWISHA. Alichoandika badala yake kilimchukua asubuhi mbili, nacho kilikuwa kifupi kuliko vyote. Ukiligonga kaburi, hakuna kinachotokea. Hakuna mlio, hakuna neno. K inaendelea, nukta zinafutika, tangi linajaa. Unakwenda kupakua. Lori halipo. Unazunguka shamba zima ukilitafuta, tangi linamwagika nyuma yako, ndege wanaingia, na dizeli bado unayo ya kutosha.

Bura alilicheza hilo mara moja. Alipolikosa lori alicheka. Akazunguka tena, akaacha kucheka. Aliendelea mpaka dizeli ikaisha, dakika kumi, shamba limebaki kombaini peke yake.

"Afadhali ungeniua, dada," akasema.

Hakuligonga tena, wala wenzake. Ila kulikwepa nako kulikuwa na gharama, na hapo ndipo migongo iliposogea mbele kuliko siku zote. Ukilifikia kaburi kwa mstari ulionyooka, unasimama, unarudi nyuma, unapiga kona mbili, dizeli inakwenda. Wiki nzima waliligombania. Bura ndiye aliyeligundua jambo ambalo Zita mwenyewe hakulijua kuwa limo: ukianza kuupinda mstari mapema, mistari kama sita kabla, kila mmoja kidogo tu, ukifika kaburini mstari wako tayari ni mviringo na unapita bila kona hata moja. Zita alipoliona hilo likitokea kwenye kioo alisimama ghafla hadi kiti kikaanguka. Yeye alitunga shamba, lakini njia ile hakuitunga.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa saba, umande ulipokauka, kombaini mbili ziliingia namba sita. Ya kulia Bura. Ya kushoto Joakimu, mwanafunzi bora wa Sulle, mtaratibu, mwenye mkono mwepesi. Mpaka kati yao ulipita juu ya kaburi, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na nusu yake ya kuzunguka. Tangi zilijazwa mbele ya meneja. Zita alisimama pembeni, na mikono haikuwa na mahali pa kukaliwa.

Saa moja na nusu ya kwanza Joakimu alikuwa mbele. Mistari yake ilinyooka kama imepigwa rula. Ya Bura ilianza kupinda.

"Kijana wako amelewa?" meneja akauliza.

"Hapana, mzee."

"Mbona anakwenda kama nyoka?"

Joakimu alipokifikia kilima alijua cha kufanya, kwa sababu hakuna aliyelelewa pale asiyejua: alisimama. Lakini namna ya kukizunguka hakufundishwa, maana Sulle hakuwahi kufikiri kwamba jambo linalojulikana na kila mtu linahitaji chaki. Alirudi nyuma, akakata kulia, akarudi tena, akaacha masharubu ya ngano, akarudi kuyanyoa. Kila mstari hivyo hivyo, moshi mweusi ukipanda. Bura alipita upande wake akiupinda mviringo wake, injini ikiimba sauti moja.

Zita alianza kupumua. Ndipo kombaini ya Bura ikakohoa, ikanguruma, ikasimama.

Kwenye bonde dogo mwishoni mwa shamba majani yalikuwa bado na unyevu, na kombaini iliyameza hadi ikasakamwa. Bura alikaa kitini, mikono hewani. Mtu akimtazama kwa mbali angeapa anatafuta batani. Injini ikiwa inanguruma bure, dizeli ikiungua, alipoteza dakika kumi na kitu asijue cha kufanya. Madarasa yote manne hayakuwa na majani mabichi.

Sulle alimtazama meneja, akamtazama Zita, akatema mate chini. "Zima injini, mpumbavu wewe!" akapiga kelele, akaanza kutembea kuelekea bondeni. Alipanda, akaingiza mkono hadi begani, akavuta mafungu ya majani yaliyolowa kama anazalisha ng'ombe. Hakuna aliyemwomba. Alisema baadaye kwamba hakufanya kwa ajili ya binti, alifanya kwa ajili ya mashine.

Jua lilipokuwa kichwani wote wawili walikuwa wamemaliza, Joakimu kwanza, Bura nusu saa baadaye. Tangi zikapimwa kwa kijiti, mbele ya watu wote. Joakimu alikuwa ametumia lita sabini na tatu. Bura, sitini na tisa.

Bwana Reginald alikisoma kijiti mara mbili. Kisha alitembea mpaka kwenye kilima, peke yake na viatu vyake visafi, akasimama akiangalia mashina yaliyokatwa: upande mmoja yamevurugwa, upande mwingine yamepinda vizuri kama ukingo wa sahani. Aliporudi alisema: "Lita nne."

"Ndiyo, mzee."

"Kama isingesakamwa zingekuwa zaidi."

"Ndiyo, mzee."

"Kaburi ulifundisha."

"Ndiyo, mzee."

Alipangusa makapi viatuni, muda wa kutosha Zita kuonja vumbi la mizani mdomoni. "Nitawaandikia makao makuu kwamba mashine ina kazi mpaka msimu ujao," akasema. "Msimu ujao tutaona. Na utanichorea ramani nyingine ya namba sita, ile ya ofisini ina kasoro."

Cheo chake hakikubadilika. Kwenye orodha ya mishahara alibaki karani wa mizani kwa miaka mingine mitatu, na mizani hakuikanyaga.

Jumatatu jenereta ilipowaka, Zita alimkuta Sulle amekwisha kukaa mlangoni mwa ofisi. Mkononi alikuwa na fungu la majani ya ngano yaliyolowa. Aliingia bila kukaribishwa, akayatupa juu ya meza, karibu kabisa na batani, maji yakachuruzika.

"Haya humo hayamo," akasema.

"Hayamo, mzee."

"Kabla ya kusakamwa mashine inabadilisha sauti. Mtu mwenye masikio ana hatua ishirini za kupunguza mwendo. Bura hana masikio. Hiyo takataka yako inaweza kutoa sauti?"

"Inaweza kulia pii."

"Pii." Sulle alifikiri. "Ipungue, iwe nzito. Kama mtu anayetaka kukataa chakula lakini ana adabu."

Zita aliandika: mtu anayetaka kukataa chakula. Akauvuta ubao wa batani. Sulle akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa, akaanza kuiiga sauti yenyewe kwa mdomo, taratibu, tena na tena, mpaka Gidahosh akaja dirishani kuona ni nani anayeumwa.

Darasa la tano lilichukua wiki tatu. Sulle mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kulijaribu, na alilikariri mara kumi na moja.